Mbingu Ndani ya Maji

Wewe uliyelitoa daftari hili kwenye mkebe wa kahawa, funga mlango kwanza. Kisha nakusihi, kwa chochote unachokiogopa zaidi ya vingine, neno hata moja lisitoke hapa. Usimsomee mkeo. Usimsomee mchungaji, hata kama ni mtu mwema, maana mchungaji wetu naye anavua. Mto nimeuita Mto Mweusi, na hilo si jina lake. Usiutafute kwenye ramani, utaipata mito mingine na utawasumbua watu wasio na hatia. Ukurasa huu nimeuandika mwisho, ingawa umekaa mwanzo. Mimi ni karani, nimezoea kuweka mambo mahali pake.

Jumanne, 4 Septemba 1973

Leo Bi Hilja Niskala, anayesambaza barua huku mashambani, aliingia ofisi ya kata kulipia leseni yake ya uvuvi. Nilikuwa nimesahau kuficha picha zangu chini ya rejesta. Alizichukua moja moja, akazileta karibu na pua yake kana kwamba anazinusa.

"Umepiga wewe?"

"Ndiyo, Bi Hilja. Ni majani tu."

"Naona ni majani. Sijawa kipofu bado, ingawa daktari anasema nimo njiani. Una macho, kijana. Miguu je?"

Nilitazama viatu vyangu. Akasema Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, nivae viatu nisivyovipenda.

Bwana Rautio, mkubwa wangu, alikuwa ofisini kwake mlango wazi. Sidhani kama alisikia. Nilivyomjua kwa miezi kumi na minne, yeye husikia makosa tu.

Jumatano, 5 Septemba

Mvua. Nimekosea tarehe kwenye hati mbili. Penseli nyekundu ya Bwana Rautio.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimerudi nikiwa nimelowa hadi mapajani, na sitaki kubadilisha nguo kabla sijaandika.

Hatukuegesha gari mtoni. Tuliliacha makaburini, kisha tukatembea kurudi nyuma karibu maili nzima, tukaingia msituni. Nilipouliza sababu, Bi Hilja alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Gari linaongea. Likikaa darajani, kabla ya chakula cha mchana wote wanajua uko wapi. Likikaa makaburini, nimemtembelea mume wangu Arvid. Mwezi huu marehemu anapata wageni wengi. Akiwa hai hakupendwa hivi."

Mto Mweusi unapita kati ya mierezi, na maji yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Jua lilipoingia kati ya miti, niliona chini kabisa, kila jiwe na kivuli chake. Mdiria alipita juu yetu akipiga kelele. Fisi maji alitoa kichwa, akatukagua, akazama, na mapovu yake yakatuonyesha njia aliyopita. Nilipiga picha ishirini na mbili kabla Bi Hilja hajanikataza.

"Hii kamera yako, inaona nini sasa?"

"Mto, na ile miamba, na ule mti ulioinama."

"Futa. Sikiliza. Piga samaki. Piga maji. Piga jani. Mwamba usipige, mti ulioinama usipige, na mbingu usipige kabisa. Mbingu ndiyo inayochongea. Mtu akiona mstari wa vilima kwenye picha yako, kesho yuko pale na binamu zake wanne."

Sikuweza kufuta, bila shaka, filamu si ubao. Lakini nilitoa filamu nzima nikaianika juani mbele yake, picha zote ishirini na mbili. Alicheka mpaka akakaa chini. "Nilisema futa, sikusema uchinje!"

Alinifundisha kurusha mshipi. Chambo chake ni uzi na manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoana, na akikirusha kinatua majini kama mdudu aliyechoka. Changu kilitua kwenye kofia yangu. Saa nne alipata samaki wawili aina ya trauti, tukawakaanga kwa siagi juu ya mawe, tukala na pasti zile za unga zilizojazwa nyama na viazi, alizozibeba ndani ya gazeti. Samaki wa pili, kabla hajamkaanga, alinipa nimshike. Mgongo wa kijani kibichi wenye michirizi kama njia za minyoo. Ubavuni madoa mekundu, kila doa limezungushiwa pete ya buluu. Mapezi yenye ukingo mweupe kama kitambaa kilichopindwa vizuri na fundi. Nilisahau kupiga picha. Nilisahau hata kuogopa.

Jumapili, 9 Septemba

Kanisani. Mgongo unauma. Nilikuwa nikiuona mto wakati wa mahubiri.

Jumatano, 12 Septemba

Urho Pelto, mwenye duka la vifaa vya uvuvi na mjumbe wa kamati ya kata, alikuja ofisini akatukuta mimi na Bi Hilja tukiongea. Urho huwapeleka mtoni matajiri kutoka mijini, wenye magari marefu, na kila mwaka anatafuta sehemu mpya ya kuwapeleka maana za zamani amezimaliza.

"Nasikia mmekula samaki Jumamosi. Mmewapata wapi?"

"Mdomoni," alisema Bi Hilja. "Upande wa kulia."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Urho alicheka pia, maana ndilo jibu ambalo angelitoa yeye. Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi? Chuoni hawakuwafundisha kusema ukweli?"

Nilisema sikumbuki. Masikio yalikuwa yanawaka.

"Huyu hajui kudanganya," Urho akamwambia Bi Hilja. "Angalia rangi yake. Siku moja atanisaidia sana."

Jumamosi, 22 Septemba

Leo nilimnasa mkubwa. Ilikuwa baada ya mvua fupi, ukungu umelala juu ya maji, na chambo changu kilikuwa kinaelea vibaya. Maji yakafunguka tu, bila sauti, na ufito wangu wa mshipi ukainama mpaka nikadhani umenasa gogo. Gogo likaanza kupanda mto.

"Usivute! Mwache aende! Kijana, huyo si mbuzi!"

Alikwenda. Alipinda kona, nami nikamfuata majini nikianguka na kuinuka. Aliruka mara moja. Nilimwona mzima, mrefu kama mkono wangu kutoka kwapani, tumbo jekundu kama makaa yaliyopulizwa sasa hivi. Kisha mshipi ukalegea. Nilibaki nimesimama, maji kiunoni. Nilidhani Bi Hilja atanisema. Alikuwa ameshika mdomo.

"Umemwona tumbo?" alisema polepole. "Huyo hakuzaliwa hapa kuishi hapa. Huyo ametoka Ziwa Kuu."

Trauti wa ziwani. Kila mtu katika kata anajua kwamba waliisha kwenye mto huu tangu enzi za wakata magogo. Nimepiga chapa ripoti mbili zinazosema hivyo.

"Waliisha," nilisema.

"Naam, waliisha. Endelea kusema hivyohivyo."

Jumapili, 30 Septemba

Leo msimu wa trauti umefungwa. Bi Hilja amesafisha fito zake akazifunga kwa kitambaa kama watoto wachanga. Miti imekuwa myekundu na ya dhahabu kwa wiki moja, kana kwamba kuna mgeni anayetarajiwa.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nitaandika taratibu, nisije nikaharibu.

Tulitembea kwa muda wa saa tatu. Kuna mwamba mrefu, ambao kila mtu anaujua, wenye msonobari ulioota ukalala ubavu juu ya maji, na alama nyeupe ya radi kutoka kileleni hadi chini. Wawindaji huutumia kuelekezana. Hakuna anayevua hapo, maana mto kabla yake ni mwembamba na unapita juu ya mawe makavu, mtu anaona hauna maana anarudi. Bi Hilja alinipitisha juu ya hayo mawe kwa mikono na magoti. Nyuma yake, chini kabisa ya mwamba, kuna kidimbwi.

"Lala kifudifudi," aliniambia. "Usiwatie kivuli."

Mwanzo sikuona kitu ila mng'ao. Kisha nikagundua kwamba pale ambapo kivuli cha mwamba kimelala juu ya maji, maji yanafunguka. Ndani ya kivuli hicho niliona changarawe, na juu ya changarawe, samaki. Si wawili. Walikuwa wamepangana vichwa vikielekea juu, wakiyumba pamoja kama majani ya mti mmoja. Mapezi meupe yaliwaka na kuzimika. Matumbo yao yalikuwa mekundu kiasi kwamba maji ya juu yao yalionekana kuwa na joto. Na mto wote ulikuwa kimya. Sikumbuki kama nilipumua.

Wametoka kwenye ziwa ambalo huwezi kuona ng'ambo yake, wakapita chini ya madaraja na vinu vilivyobomoka, wakapanda mpaka kwenye chumba hiki kisichozidi ukubwa wa ofisi yetu. Wataacha mayai chini ya mawe, na mayai yatakaa humo chini ya barafu mpaka masika.

"Wangapi?" Bi Hilja alininong'oneza. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ananiuliza kwa sababu yeye mwenyewe hawaoni.

"Ishirini na sita. Labda zaidi."

"Bado wanakuja. Mwaka jana nilihesabu arobaini nikaacha, kila kitu kikawa ukungu." Akafuta macho kwa kiganja. "Arvid na mimi tumewahesabu miaka thelathini na moja. Hakuna aliyewavua. Sasa nataka picha moja, Onni. Moja tu. Karatasi ninaweza kuisogeza puani. Kidimbwi siwezi."

Nilipiga filamu nzima, lakini kwa uangalifu wangu wote. Hakuna mwamba, hakuna msonobari, hakuna mbingu. Samaki, maji, jani moja jekundu linaelea.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimeituma filamu mjini ikasafishwe. Bi Hilja ndiye aliyeipokea, akaigonga muhuri, akaibusu bahasha mtu asimwone. Nilimwona.

Jumanne, 16 Oktoba

Mvua, siku ya tano. Ofisi inanuka makoti.

Ijumaa, 19 Oktoba

Zimerudi. Moja ni nzuri kuliko mimi. Sijui nisemeje vingine. Samaki dume yuko chini, kila doa linaonekana, na juu yake maji yamekuwa giza laini lenye mistari, na jani. Nilimpelekea Bi Hilja. Aliichukua mpaka dirishani, akaweka kioo cha kukuzia, akaweka jicho kwenye kioo. Alikaa hivyo mpaka kahawa yangu ikapoa. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana," lakini hakusema ni maana ya nini.

Nilikuwa nimeagiza nakala ya pili. Hakuniuliza, sikumwambia. Iko kwenye droo yangu ofisini.

Jumatatu, 22 Oktoba

Bwana Rautio alifungua droo yangu akitafuta wino wa muhuri. Nilirudi kutoka stoo nikamkuta ameishika ile picha.

"Hii ni yako?"

Nilifikiri nitafukuzwa kwa kuweka vitu binafsi. Nikasema ndiyo, bwana.

Aliitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona akitazama kitu bila penseli. "Hii itakuwa jalada la kalenda," alisema.

Kalenda ya kata huingia kila nyumba, kila baa, kila kinyozi. Inatoka tarehe mosi Novemba, na samaki watakuwa kidimbwini mpaka katikati ya mwezi. Nilijua hayo yote. Lakini nilijua pia kwamba hakuna mbingu kwenye picha. Na, ngoja niandike ukweli, hakuna mtu aliyewahi kunisifu katika jengo lile. Nikasema asante, bwana.

Jumanne, 23 Oktoba

Nitamwambia Bi Hilja kesho.

Jumatano, 24 Oktoba

Kesho.

Alhamisi, 25 Oktoba

Karatasi ya majaribio ilifika kutoka kwa mpiga chapa saa tano. Bwana Rautio aliniita. Yeye alikaa upande wake wa meza, mimi nikasimama upande wangu, na karatasi ilikuwa imemwelekea yeye. Kwa hiyo mimi niliiona juu chini.

Mwamba ulikuwa umesimama pale wima. Alama ya radi kutoka kileleni hadi chini. Msonobari uliolala ubavu. Kila kitu.

Lile giza laini lenye mistari juu ya samaki ni mwamba wenyewe, umelala ndani ya maji. Nilikataa kupiga mbingu iliyo juu, nikaipiga iliyo chini. Nisingemwona samaki hata mmoja bila kivuli kile. Kilichonionyesha ndicho kilichonichongea.

"Unaumwa?" Bwana Rautio aliuliza.

"Hapana, bwana."

"Kamati inapitisha Jumatatu. Uwepo."

Niliinama kwenye taipureta mpaka saa kumi. Sijui nilichapa nini.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nimemwambia. Nilisimama jikoni kwake nikiwa na kofia mkononi. Nilimwomba ageuze picha yake juu chini. Aliigeuza, akaweka kioo, akatafuta. Alipouona mwamba, uso wake haukubadilika, ila mkono uliokuwa umeshika kioo uliteremka mezani kama mkono wa mtu mwingine.

"Nani mwingine anayo?"

Nikamwambia. Droo, kalenda, kamati, siku nne za kusema kesho.

Nilitaka anifokee. Hakufoka.

"Wote hapa tunaitandika kalenda hiyo juu ya meza ya chakula," alisema. "Unajua watoto hukaa wapi? Upande wa pili wa meza, wanakoiona juu chini. Unajua Urho ana watoto wangapi?"

"Watano."

"Watano." Alimimina kahawa, kikombe kimoja, chake. "Mimi nina utando wa macho, Onni. Wako ni mnene zaidi. Jina lako juu ya kalenda limekuziba."

"Nifanye nini?"

"Mimi sikuipeleka ofisini."

Nilipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, "Kesho nakwenda kuhesabu. Nahitaji mtu anayeona. Usidhani nimekusamehe."

Jumamosi, 27 Oktoba

Theluji ya kwanza. Ilianza tulipokuwa juu ya yale mawe, chembe kubwa nyeupe zikishuka wima, msitu mzima ukawa kama umeshika pumzi. Bi Hilja alitangulia njia nzima bila kugeuka. Tulilala kifudifudi.

Jike mmoja alikuwa amelala ubavu, akipiga changarawe kwa mkia wake, mara tano, mara sita, na vumbi la mto likapanda na kwenda. Ubavu wake uliwaka kila alipogeuka. Dume alimjia karibu mpaka wakagusana, wote wawili wakatetemeka, midomo wazi, na wingu jeupe likatanda kati yao na kushuka kwenye shimo. Kisha jike akapanda hatua moja juu akaanza kufukia, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto asimwamshe. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya maji na kupotea. Nilimsimulia Bi Hilja kila kitu kwa mnong'ono, naye alikuwa amefumba macho, machozi yanapita kando ya pua.

"Endelea," alisema. "Sasa?"

"Sasa anafukia."

"Na sasa?"

Nilihesabu mara tatu. Arobaini na mmoja.

Nyuma ya mlango wa sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke, kuna ubao wenye namba zilizoandikwa kwa penseli, mwaka mmoja chini ya mwingine, thelathini na moja. Aliniambia niandike mwenyewe ya mwaka huu. Arobaini na moja yangu imepinda.

Jumapili, 28 Oktoba

Nimefikiria kuiba karatasi ile. Kuchoma stoo. Kuugua. Nimekunywa chai bila kula.

Nikisema sababu, nimeitaja siri. Nisiposema sababu, hawatanisikia. Halafu, kama saa tisa, nikakumbuka kifungu cha tatu cha kanuni za kalenda. Nilikipiga chapa mimi mwenyewe: picha zote lazima ziwe zimepigwa ndani ya mipaka ya kata.

Mungu nisaidie, sijui kudanganya.

Jumatatu, 29 Oktoba

Kamati ilikutana saa nne asubuhi. Bwana Rautio kwenye kiti chake, Urho upande wa dirisha, mimi na daftari la kumbukumbu za mkutano. Karatasi ilikuwa mbele ya Bwana Rautio. Urho alinyoosha mkono.

"Hebu nione huyo samaki anayesifiwa."

Bwana Rautio akaisukuma karatasi mezani. Ilikuwa inakwenda kwa Urho juu chini. Nilisikia sauti ya mtu, na ilikuwa yangu.

"Picha hiyo haikupigwa hapa."

Mkono wa Urho ulisimama juu ya karatasi. Akanitazama mimi, si picha. Nilijua nikinyamaza tu, macho yake yatashuka.

"Niliipiga ng'ambo ya mpaka. Kwenye mto wa kata nyingine. Nilijua kanuni, mimi ndiye niliyeipiga chapa. Nilitaka nisifiwe."

"Ati nini?" Urho aliegemea nyuma akacheka, akapiga paja. "Msomi! Mwizi wa mito! Mwaka mzima unanikagulia leseni yangu hadi nukta, kumbe wewe mwenyewe! Mto gani huo?"

"Sikumbuki jina lake."

"Hakumbuki! Umempata wapi, basi, samaki wako?"

Nilimtazama usoni. Sikuhisi masikio yangu yakiwaka. "Mdomoni," nilisema.

Alicheka mpaka akakohoa. Kufika wakati huo Bwana Rautio alikuwa ameshaivuta karatasi, akaikunja mara mbili picha ikiwa ndani, akaitia kwenye droo yake na kuifunga. Uso wake ulikuwa mgumu kama siku zote.

"Jalada litakuwa gari la zimamoto," alisema. "Karani atapewa onyo la maandishi."

Onyo nililipiga chapa mwenyewe, nakala tatu. Nilikosea neno "udanganyifu", ikabidi nianze upya.

Jumanne, 30 Oktoba

Kinyozi amejua. Mama mwenye nyumba ninamopanga amejua. Kanisani watajua.

Alhamisi, 1 Novemba

Kalenda imetoka. Gari la zimamoto limetoka vizuri.

Ijumaa, 2 Novemba

Mama mwenye nyumba anasema leo posta Urho alisimulia tena, na Bi Hilja akamjibu mbele ya watu wote: "Yule kijana? Ndiye mwongo mkubwa kuliko wote katika kata hii." Nilipanda chumbani sikula.

Baadaye nilikuta kitu mlangoni kimefungwa kwa kitambaa. Mkate wa iliki, bado una moto. Sikujua mpaka nilipoukata kwamba hilo alilosema posta ndilo jambo zuri zaidi ambalo mtu wa huku anaweza kusema juu ya mwenzake.

Jumatano, 14 Novemba

Kesho msimu wa paa unafunguliwa, ofisi ilikuwa tupu, kila mtu anasafisha bunduki. Wakati wa chakula cha mchana Bwana Rautio aliniita, akasema nifunge mlango. Nilijua nimefukuzwa.

Alifungua droo, akaikunjua ile karatasi mbele yake. Kisha akaigeuza polepole, kwa kidole kimoja, mpaka mwamba ukasimama mbele ya macho yake.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," alisema. "Baba alinifunga macho kwa skafu ya mama tangu makaburini. Aliiondoa hapo, mbele ya kidimbwi."

Nilisogea karibu na meza.

"Nilidhani wameisha. Nimetia sahihi ripoti mbili."

"Bwana alijua tangu lini?"

"Ulipobadilika rangi, ile Alhamisi. Nilijiuliza umeona nini. Ulipotoka nilikwenda kusimama upande wako wa meza." Alivua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani, ana macho ya mtu anayechekwa na wenzake. "Kila usiku mpaka Jumatatu nilitafuta sababu ya kuiondoa ambayo Urho hatainusa. Sikupata. Sijui kudanganya."

"Wala mimi, bwana."

"Naona." Akaikunja karatasi, akafungua jiko la kuni, akaitia ndani, tukaitazama. "Onyo linabaki kwenye faili. Likiondoka, Urho atauliza. Samahani."

"Naelewa."

Nilikuwa nimeshika kitasa aliposema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Wako wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

Aligeuka dirishani. Nilifunga mlango polepole, na yule mtu niliyemwogopa miezi yote hiyo nilimwacha amesimama amenipa mgongo.

Jumapili, 18 Novemba

Mto umeanza kushika barafu kingoni. Nilikwenda peke yangu, bila kamera. Samaki wamerudi ziwani. Kidimbwi ni kitupu, na chini ya changarawe kimejaa.

Bi Hilja amesema niyaandike haya vizuri na kuyaweka mkebeni, chini ya benchi la sauna yake. "Mimi nikifa, na wewe ukiteleza kwenye barafu, nani atahesabu?" Kwa hiyo ni wewe, usomaye, yeyote uliye. Labda unaona vizuri. Labda miguu yangu imeshakwisha.

Ukitaka kunipata, usije ofisini wala usiulize jina langu dukani. Ondoka asubuhi, Jumamosi yoyote ya Oktoba. Egesha gari makaburini, na ukiulizwa, umekuja kwa Arvid Niskala, kaburi lake ni la tatu kutoka langoni, lifute majani ili usiwe umedanganya kabisa. Juu ya jiwe lake acha unyoya mmoja wa jogoo, uufunge kwa uzi upepo usiubebe. Kisha rudi nyuma kwa miguu mpaka nyumba ya kwanza yenye sauna, ukae kwenye ngazi. Usilete kamera. Lete skafu.

Nitatoka nitakuuliza kuhusu samaki wa mwisho uliyemshika, umempata wapi. Ukinitajia mto, nitakupa kahawa na kukuaga kwa heshima. Lakini jibu unalijua.